Kompyuta Isiyo na Kioo

Nojiri Tamotsu alikuwa na tabia ya kubisha mlango kwa kishindo, kama askari aliyekuja kukamata mtu. Haikuwa jeuri. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza katika karakana za shaba za mji wa Takaoka, Japani, akiyeyusha shaba, akigonga na kusugua kengele za mahekalu, na kelele zile zilimla masikio taratibu. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka. Filimbi ya birika, mlio wa simu, ndege wa alfajiri, vyote vilimtoka kimoja baada ya kingine bila kuaga. Sauti nene bado alizisikia vizuri, na kwa sababu hiyo hakukubali kabisa kwamba ana tatizo. Aliona ni watu wa siku hizi ndio wanaonong'ona.

Asubuhi hiyo ya Februari alikuwa amekumbatia ubao wa matangazo ya mtaa, ule unaozungushwa nyumba hadi nyumba. Kila mtu anasoma, anagonga muhuri wake, anampelekea jirani. Baada ya nyumba ya Nojiri ilifuata ya Kanamori Itsuko, mwanamke mtu mzima aliyetibu watu kwa kuwachoma sindano nyembamba zisizo na dawa, na ambaye mtaa mzima ulimwita Sensei, jina la heshima la mwalimu au tabibu. Itsuko hakuwa akiona tangu utotoni. Nojiri alimpelekea ubao kila mara kwa kuwa kumruka jirani si adabu, lakini moyoni alijiona kama mtu anayempelekea kitana mwenye upara.

"Sensei. Ubao."

"Nimekusikia tangu ulipofungua mlango wa kwako, Nojiri-san," alisema Itsuko akiwa amesimama mlangoni na sweta lake la kijivu. "Leo ingia unisomee. Msomaji wangu amegoma."

"Msomaji gani?"

"Kompyuta."

Nojiri alidhani amesikia vibaya, akasogeza sikio. Itsuko akamweleza, kwa sauti ya kumfaa, kwamba karatasi za ubao huzilaza kwenye mashine ya kunakilia, kompyuta ikazisoma kwa sauti, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unasoma kweli?"

"Kila mwezi. Hata lile tangazo la mtu asiyejitaja jina, anayelalamika kwamba watu wanatoa taka siku isiyo yake. Kwamba hata paka wa mtaa huu wana utaratibu kuliko binadamu."

Nojiri akakohoa. Lile tangazo aliliandika yeye.

"Liliandikwa vizuri," alisema Itsuko, akampisha apite.

Chumba cha nyuma kilikuwa na joto la jiko la mafuta ya taa na harufu ya majani ya dawa ambayo Itsuko huwachomea wagonjwa wake. Katikati, juu ya kitambaa cheupe, kompyuta ilikuwa imelazwa ubavu, kava limetolewa, bisibisi ndogo imelazwa kando yake na skrubu zimewekwa kwenye kisahani cha mchuzi. Nojiri akaangaza macho chumba kizima.

"Kioo chake kiko wapi?"

"Kioo cha nini?"

"Cha kutazama."

"Atazame nani?"

Nojiri akaona aibu, akakaa chini.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Juzi theluji nzito iliangusha tawi juu ya nyaya, umeme ukakatika mtaa mzima, na uliporudi Itsuko aliwasha kompyuta yake kama kawaida. Feni ilizunguka. Diski ilinung'unika kidogo. Baada ya hapo, kimya. Ile sauti inayomsomea kila kitu, ambayo kwake ndiyo kompyuta yenyewe, haikuja. Fundi wake wa zamani alikuwa amehamia Nagoya, na kwenye simu alimwambia ajaribu kupuliza vumbi. Itsuko akafungua kava, akapuliza, akachomoa vijiti vya memori, akavifuta meno kwa kitambaa laini, akavirudisha.

"Sasa imezidi kuwa mbaya," alisema. "Sikia inavyolia."

Akabonyeza kitufe. Nojiri akabana pumzi na kuinamia lile sanduku. Alisikia feni, na chini ya feni alisikia moyo wake mwenyewe.

"Mimi sisikii mlio wowote."

"Inalia, Nojiri-san. Mlio mrefu, inanyamaza, inarudia. Sauti ya juu kabisa."

"Labda imenyamaza ulipoanza kusema."

"Inalia mpaka sasa hivi."

Itsuko akamgeuzia uso. Alikuwa na namna ya kumwelekezea mtu sikio moja, na ikifanyika hivyo mtu anajiona ametazamwa kuliko akitazamwa kwa macho.

"Tangu lini?" akauliza.

"Nini?"

"Masikio."

"Masikio yangu ni mazima."

 Itsuko aliizima kompyuta.

"Ikilia si vibaya," alisema. "Maana yake ina pumzi ya kusema inapoumwa. Mlio mrefu wa kurudiarudia ni memori. Kuna kitu sikukirudisha sawasawa, na vidole vyangu vimechoka kukitafuta. Niazime macho yako. Tochi iko ukutani karibu na mlango."

Nojiri akaleta tochi, akapiga magoti, akamulika ndani.

Kwa miaka yake yote hakuwahi kuona tumbo la kompyuta. Alidhani mna vitu vya plastiki na mashine kama za saa. Alichokiona kilimfanya asahau kilichomleta. Kulikuwa na ubao wa kijani, na juu ya ubao mistari myembamba kama unywele, mamia kwa mamia, inayokwenda sambamba, inayopinda kwa pamoja, inayopishana bila kugusana, kama barabara za mji unaotazamwa kutoka kileleni. Pale tochi ilipogusa pembe fulani mistari iling'aa, na mng'ao ule aliujua. Alilala nao na kuamka nao tangu akiwa kijana.

"Sensei," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Hii ni shaba?"

"Ni shaba."

"Yote hii?"

"Yote unayoiona inapita kama mistari. Na chini yake kuna tabaka jingine usiloliona, na jingine tena."

Nojiri alikuwa mtu wa kuyeyusha shaba kwa mapipa. Aliijua ikiwa uji mwekundu, ikiwa ganda jeusi, ikiwa kengele ya kubebwa na winchi. Hakujua kwamba kuna watu waliichukua shaba ile ile wakaifanya nyembamba hivi, wakaipitisha njia zote hizi, halafu wakaifungia kwenye sanduku ambalo hakuna atakayelifungua. Aliivuta tochi karibu, akaisogeza mbali, akaivuta tena.

"Nojiri-san. Umelala?"

"Natazama."

"Tazama vijiti vya memori. Viwili virefu, vimesimama."

Akavitazama. Kimoja kilisimama wima. Cha pili kilikuwa kimeinama kidogo sana upande mmoja, na kibanio chake kilikuwa bado kimefunguka.

"Hiki cha nje. Kibanio cha upande wako hakijafunga."

Itsuko akashuka kwa vidole kutoka ukingo wa sanduku, akapita feni, akapita nyaya, bila kugusa kisichohusika, akafika. Akakandamiza kwa kidole gumba. Nojiri hakusikia kibanio kikifunga, lakini aliona bega la Itsuko likilegea.

Wakawasha tena. Itsuko akainua kidole.

"Mlio mmoja, mfupi. Inasema iko salama."

Wakangoja. Feni ikazunguka, diski ikanung'unika, na sauti haikuja. Itsuko akabonyeza vitufe viwili vitatu kwenye kibodi, akangoja tena. Akaketi juu ya visigino vyake.

"Hapa ndipo nilipokuwa juzi," alisema. "Kuna jambo inaniambia. Sasa inaniambia kwa macho."

Itsuko hakuwa amewahi kuhitaji kioo. Kwa nini anunue kitu cha kukipangusa vumbi tu? Nojiri akafikiri kidogo, akainuka, magoti yakilia, akatoka bila koti.

Jikoni kwake mkewe Suzue alikuwa akitazama kipindi cha mapishi kwenye televisheni ndogo iliyokaa juu ya kabati. Nojiri akachomoa waya ukutani.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa Sensei."

"Sensei haoni."

"Ndiyo maana," alisema Nojiri, akatoka nayo kifuani, akikanyaga theluji kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Itsuko alikuwa ameshapata waya kwenye droo, na tundu la kuuchomeka nyuma ya televisheni alilipata yeye kwa kupapasa, wakati Nojiri bado anatafuta miwani. Wakawasha. Kioo kikawa cheusi, na juu ya weusi kukajitokeza mistari ya herufi nyeupe.

"Kuna maandishi."

"Yanasemaje?"

"Ni Kiingereza."

"Si nimekuuliza yanasemaje?"

"Sensei, mimi Kiingereza niliachana nacho shuleni, na hata shuleni hatukuwa marafiki."

"Nisomee herufi tu."

Akaanza. Nyingine alizijua kwa majina, za kwenye magari na kwenye makopo ya bia. Nyingine zilimkwama. Alijaribu kuzieleza: hii kama ndoano, hii kama kiti kilichopinduliwa. Itsuko alicheka, naye akaudhika, na mambo yakasimama. Kisha Itsuko akanyoosha mkono wake, kiganja juu.

"Chora hapa. Nilikuwa nikiandika kabla macho hayajafa. Maumbo nayakumbuka."

Nojiri akautazama ule mkono. Zaidi ya mkewe hakukumbuka mara ya mwisho kumshika mwanamke mkono. Akapangusa kidole chake kwenye suruali, akauchukua mkono wa Itsuko kwa kushoto kwake, ukiwa mgumu kwenye ncha na laini katikati, akachora herufi ya kwanza ya mstari wa chini kabisa.

"P," alisema Itsuko.

Akachora ya pili na ya tatu.

"R. E."

"Halafu nyoka wawili."

"S na S. Basi hapo inasema *bonyeza*." Itsuko alikuwa ameacha kucheka. "Nibonyeze nini? Neno linalofuata."

"Hii naijua. F. Na moja."

Itsuko akabaki ameketi vilevile, kiganja bado kimefunguka.

"Tangu juzi," alisema polepole. "Tangu juzi haijaharibika. Imeniuliza swali, ikakaa inangoja nijibu. Nimeifungua tumbo, nimeichomoa vitu, na yenyewe inangoja tu."

Akapapasa safu ya juu ya vitufe, akakipata anachokitaka, akakibonyeza.

Herufi zote zikatoweka. Kioo kikawa cheusi kitupu, na Nojiri akadhani wameiua. Taa ndogo nyekundu mbele ya sanduku ikaanza kumeta, ikasita, ikameta kwa kasi. Nembo ikachomoza, ikafuatiwa na rangi ya buluu, na kutoka kwenye spika mbili chakavu kando ya dirisha ukamiminika mchakacho ambao Nojiri aliusikia kama mchele unaomwagwa kwenye sufuria.

"Imeharibika tena," alisema.

"Nyamaza. Inasema."

Nojiri akamtazama. Uso wa Itsuko ulikuwa umetulia kabisa, umeinama kidogo, na midomo yake ilikuwa ikitikisika kwa kufuatiza. Vidole vikagusa kibodi, mchele ukakatika, ukamwagika mwingine, ukakatika. Ndipo Nojiri alipoelewa kwamba hayo ni maneno, maneno ya watu, yamesukumwa pamoja kwa kasi isiyo ya mdomo wa binadamu, na kwamba huyu mwanamke aliyeishi naye ukuta kwa ukuta anayasikia yote, moja moja, kama mtu anavyosikia salamu. 

"Unaelewa hayo?"

"Ikienda taratibu nasinzia." Akamgeuzia sikio. "Ngoja."

Akabonyeza mara kadhaa. Mchele ukawa matone ya mvua, matone yakawa maneno ya mtu mwenye haraka. Akaendelea kubonyeza, na sasa sauti ikashuka unene pia, ngazi baada ya ngazi, kutoka ya msichana hadi ya mama, hadi ya mwanamume, hadi ya mwanamume mnene anayesemea tumboni.

"Habari za asubuhi," ilisema kompyuta, polepole, kwa lahaja ya redioni. "Hakuna ujumbe mpya."

Nojiri alisikia kila neno. Hakukisogeza kichwa, hakuuliza mara ya pili. Ilikuwa muda mrefu tangu sauti yoyote imfikie hivyo, bila yeye kuikimbilia. 

"Uliza tarehe," alisema, ili iendelee kusema.

Itsuko akauliza. Kompyuta ikajibu kwamba leo ni mwaka mpya, tena wa zamani sana, na Itsuko akacheka mpaka akajishika ubavu. "Imenirudisha ujanani. Basi ugonjwa wenyewe ni huo, Nojiri-san. Humo ndani kuna betri ndogo kama sarafu. Kazi yake ni kuilindia saa na mambo yake machache wakati umeme haupo. Imekufa. Umeme ulipokatika ikasahau, na ilipoamka ikataka mtu aihakikishie kwamba si kitu, iendelee tu. Tukiizima sasa itasahau tena."

"Kama sarafu? Ya ukubwa gani?"

Akamwonyesha kwa vidole. Nojiri akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kidude cha kuhesabu hatua alichopewa kliniki. Akakifungua mgongo kwa ukucha.

"Na daktari wako?" aliuliza Itsuko aliposikia kifuniko kikitoka.

"Daktari huwa namtikisia kidude hiki usiku wa kuamkia kliniki, nikiwa nimelala. Hakuna atakachopoteza."

Wakazima, wakachomoa waya wa umeme. Nojiri akamulika tochi, akaiona betri imelala kwenye kitanda chake karibu na ukingo, akaitoa kwa ncha ya bisibisi, akaweka yake. Mkono wake uliowahi kuinua nyundo za kutisha ulipita polepole, usije ukagusa ile mistari. Wakaiwasha mara moja, Itsuko akajibu lile swali la F moja, akapanga tarehe upya, akaizima.

"Ikizimwa hivi," aliuliza akiwa bado ameinama, "inakumbuka nini?"

"Yenyewe? Hakuna. Mambo yangu yako kwenye diski, lakini haijui kama ina diski. Haijui kama ni kompyuta." Itsuko alikuwa akimimina chai, kidole kimoja kikiwa ukingoni mwa kikombe. "Umeme ukiingia, kuna mahali pamoja tu ilipoumbwa kwenda kutazama. Hapo inakuta neno dogo: angalia kama una memori. Inaangalia. Isipoiona inalia, kama ulivyosi… kama nilivyosikia. Ikiiona, neno jingine: tafuta kibodi. Tafuta diski. Kwenye diski, soma mwanzo kabisa. Mwanzo unaiambia pa kusoma panapofuata. Inajisomea hivyo mpaka inajijua."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Kutoka bila kitu."

"Kutoka bila kitu. Dakika moja hivi."

Nojiri akaketi na kikombe chake. Aliwahi kungoja mbele ya kalibu ya kumiminia kengele, iliyozikwa mchangani, shaba ikipoa ndani, bila kujua atakuta kengele au bonge la taka, na siku zile alidhani hakuna mngojeo uliozidi huo. Itsuko akamsogezea sahani ya wali uliofinyangwa na kuvingirishwa mwani. Hakuugusa.

"Weka mkono juu yake," alisema Itsuko. "Hapa, juu ya bati. Usibane."

Akaweka. Itsuko akaweka wa kwake kando, akabonyeza kitufe.

"Feni," alisema. Nojiri alihisi mtetemo mwembamba kwenye kiganja. "Sasa imeulizwa memori. Inahesabu. Mlio mmoja, mfupi, imeipata. Sasa inatafuta diski."

Chini ya bati kitu kikaanza kuzunguka. Kilianza taratibu, kikapanda, kikapanda zaidi, na Nojiri akausikia kwa mifupa ya mkono mvumo wake mnene na thabiti, uliokuwa umejificha chini ya feni muda wote. Halafu vigongo vidogo, tiki, tiki-tiki, kama mtu anayepekua.

"Imeiona," alisema Nojiri kabla hajaambiwa.

"Imeiona."

Hakuna swali lililokuja safari hii. Vigongo vikaongezeka, vikawa mfululizo, na mfululizo ukawa kama mwendo wa mtu anayeijua njia. Nojiri hakutazama televisheni. Alikuwa amefumba macho bila kujua kwamba ameyafumba.

"Habari za asubuhi," ilisema ile sauti nene, ikataja tarehe, na tarehe ilikuwa ile ambayo Itsuko alikuwa ameipanga upya.

 Nje, theluji iliporomoka kutoka kwenye paa la mtu.

"Sensei."

"Naam."

"Izime, uiwashe tena."

"Imepona, Nojiri-san. Hakuna cha kujaribu."

"Najua."

Itsuko akamsikiliza anavyopumua, kisha akaizima. Feni ikasimama, mvumo ukashuka, ukashuka, ukaisha, na bati chini ya kiganja cha Nojiri likawa bati tu. Itsuko akakishika kidole chake cha shahada, akakiongoza mpaka kwenye kitufe, akakiacha hapo.

"Washa mwenyewe," alisema.

Nojiri akavuta pumzi, akabonyeza.